Nukta Saba ya Inshirah

Wagdi Shalabi, mhandisi wa Tanta, alichukua kazi ya Inshirah binti Abdeltawwab, akafuta jina lake, akaandika la kwake. Hilo ndilo kosa, na halina maelezo mengine. Kuichukua kazi hakukuwa wizi, kwa sababu ilikuwa imewekwa mtandaoni ili yeyote aichukue bure. Mwenye kuitaka aliruhusiwa kuitumia, kuigeuza, hata kuiuza ndani ya mashine zake. Sharti lilikuwa moja, limeandikwa kwenye mstari wa kwanza kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa: "Kazi hii ni ya Inshirah Abdeltawwab wa Berma. Chukua, tumia, wape wengine. Jina langu liache hapa." Mtu aliyekaa madarasani miaka kumi na saba alishindwa na sharti hilo.

Inshirah mwenyewe hakukanyaga shule hata siku moja. Baba yake, kijijini Berma, alikuwa na nyumba ya kutotoleshea mayai, ya matofali ya udongo, yenye ujia katikati na vyumba vya joto kushoto na kulia, na kila chumba kinaingiliwa kwa tundu dogo kama mlango wa paka. Watoto wawili wa kiume walipelekwa shule. Inshirah alikuwa mwembamba, anapenya kwenye tundu bila kukwaruza mabega, basi akabaki. Akiwa na miaka sita alikuwa anageuza mayai elfu mbili kwa siku, peku, anatembea kati ya mayai bila kuvunja hata moja. Kaka zake walisoma, wakaenda Kuwait, wakawa wanapiga simu siku za Idi.

Mzee Abdeltawwab alimfundisha kitu kimoja ambacho hakuwafundisha wale wawili. Alichukua yai, akalilaza juu ya kope la jicho lake lililofumbwa, akatulia kama anayesikiliza. Kisha akamlazia mtoto lile lile kwenye kope.

"Linakuuma?"

"Haliniumi, baba."

"Unalisikia?"

"Nalisikia. Kama mtu ananipulizia."

"Basi hilo ndilo. Likiuma, punguza taa. Usiposikia kitu, lina baridi, kilichomo ndani kinakufa. Mkono usiuamini, mkono umezoea jembe na maji ya moto. Kope halijazoea chochote."

Uzeeni macho ya mzee yalipata ukungu, akawa haoni hata mlango. Watu wakasema sasa nyumba itafungwa. Mzee akacheka sana. "Kwani nilikuwa naangalia kwa jicho? Kope si lipo?" Akaendelea miaka minne mingine, anaongozwa na binti yake kwenye ujia, anapewa yai, anasema "ongeza" au "punguza", na hakukosea.

Kabla ya hayo Inshirah alikuwa ameolewa Kafr el-Zayyat, akakaa miezi kumi na moja, akarudishwa. Mume alisema mke ananuka vifaranga. Alikuwa ananuka kweli, na alikuwa ananuka hivyo hivyo siku ile alipokuja kumposa. Inshirah alirudi na sanduku lake moja na talaka ambayo aliiwekea dole gumba, kwa kuwa hakujua kuandika jina.

Kilichomsukuma kwenye mambo ya umeme ni kifua cha baba yake. Taa za mafuta ya taa, miaka sitini, zilikuwa zimemjaza moshi mpaka akikohoa unadhani ni mlango unaovunjwa. Inshirah, wakati huo ana miaka thelathini na sita, alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, anajua kusoma kibao cha duka na jina la dawa. Akachukua mikrobasi hadi Tanta, akaulizia mpaka akafika kwa Ami Girgis, muuza vipuri vya redio na televisheni, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani.

"Nataka kitu cha kuwasha joto likipungua na kulizima likizidi," alisema. "Na cha kugeuza mayai."

"Mayai?"

"Mayai, Ami. Yanatoka kwa kuku."

Ami Girgis alicheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka. Kisha akamtolea bodi ndogo, ukubwa wa biskuti, yenye chipu nyeusi katikati. Akamweleza kwamba hiyo ukiiandikia maagizo kwenye kompyuta, inayashika, na inayafuata hata ukiiacha peke yake chumbani mwaka mzima.

"Haichoki?"

"Haichoki, haikohoi, haiendi Kuwait."

"Nipe mbili," akasema Inshirah.

Kusoma maagizo hayo alijifunza kama mtu anavyojifunza kudarizi: anatazama kazi ya mwenzake, anahesabu mishono, anaiga. Ami Girgis alimwuzia kompyuta kuukuu isiyokuwa na herufi mbili kwenye vitufe, akamwonyesha mahali mtandaoni ambapo watu wa kazi hii huweka maktaba zao. Maktaba, kwao, ni fungu la maagizo ambayo mtu ameshayaandika na kuyajaribu, ili mwingine asianze tangu mwanzo. Kulikuwa na maktaba ya kusoma kipima joto. Kulikuwa na nyingine ya kuendesha mota polepole. Kila moja ilikuwa na jina la mtu juu.

Jambo hilo la majina lilimshangaza Inshirah kuliko umeme wenyewe. Ile ya kipima joto ilikuwa imeandikwa na mtu aitwaye Lennart, wa nchi ya theluji. Hakumjua Inshirah, hakumdai kitu, na alikuwa amekesha siku nyingi ili kazi iwe rahisi kwa asiyemjua. Inshirah akaanza kumwombea kila baada ya swala ya alfajiri, yeye na yule wa mota.

"Lennart ni Mwislamu?" baba yake aliuliza siku moja, kwa kuwa alilisikia jina hilo katikati ya dua.

"Sijui, baba."

"Muombee tu. Mungu atajua pa kuipeleka."

Ilimchukua miaka mitatu. Mizunguko miwili ya kwanza mayai yaliiva badala ya kuanguliwa, jirani wakaja na chumvi kumdhihaki. Mzunguko wa saba, vifaranga walitoka siku ya ishirini na moja, asubuhi, wote pamoja, kelele yao inasikika mpaka msikitini. Mzee Abdeltawwab akaketi mlangoni akisikiliza, amewajaza mapajani, analia na kukohoa. Alifariki majira ya baridi yale, kifua kimepumua miezi mitano bila moshi.

Baada ya arubaini Inshirah alikusanya maagizo yake yote: kushika joto, kupima unyevu, kugeuza mayai kila saa mbili, kupunguza joto wiki ya mwisho kwa sababu kifaranga mkubwa anajipasha mwenyewe. Akayafanya maktaba moja, akaipandisha mtandaoni. Alipofika kwenye mstari wa kwanza akasita. Kibao cha nyumba ya kutotoleshea kilikuwa na jina la baba na la kaka wawili walio Kuwait. Bili ya umeme ilikuwa na jina la babu. Aliandika jina lake herufi moja moja, akalitazama, akaenda kumwita jirani naye alitazame.

Watu wakaichukua. Mwalimu wa Omdurman aliandika kwamba wanafunzi wake wametotolesha bata. Bwana mmoja wa Wajda, kule Moroko, aitwaye Bumediene, mfuga kware, akawa anaandika karibu kila mwezi, kwa Kiarabu ambacho Inshirah alikisoma kwa sauti mara tatu kabla ya kukielewa. "Dada Inshirah, kware wako salama, wanakusalimu." Alimjibu, "Wasalimie mmoja mmoja." Hivyo ndivyo walivyo watu hawa. Hawajaonana, na wanaulizana habari za mbuzi.

Wagdi Shalabi alikuja kama mgeni. Ami Girgis ndiye aliyemwelekeza kwa Inshirah. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu visafi, anamwita Inshirah "mwalimu wangu". Alikula mkate wa fitiri wa samli na jibini lililokomaa, akala na bata aliyechinjwa kwa ajili yake. Akauliza, akajibiwa. Inshirah alimwonyesha kila kitu, mpaka namna ya kulaza yai kwenye kope. Alifurahi, maskini. Ilikuwa mara ya kwanza mtu aliyesoma kukaa kwenye mkeka wake na kuandika anayosema.

Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya wafuga kuku Tanta, kulikuwa na mashine nyeupe za kutotolesha, zimepangwa kama mafriji, na picha ya Wagdi juu yake akiwa amekunja mikono. Mtandaoni kulikuwa na maktaba mpya. Inshirah aliifungua kwenye simu, akaishusha mstari kwa mstari. Ilikuwa yake, na makosa yake ya herufi yamo. Mstari wa kwanza ulisema kazi hii ni ya Mhandisi Wagdi Shalabi.

Alivaa abaya lake jeusi la misiba, akaenda kwenye maonyesho.

"Aaa, Hajati Inshirah!" Wagdi alifungua mikono mbele ya wateja wake. "Umetuletea baraka. Umeipenda mashine?"

"Naipenda. Nimeizaa mimi. Jina langu umelipeleka wapi?"

Akacheka, akiwatazama wateja. "Hajati, vile ni vitu vya bure. Cha bure hakina mwenyewe. Ukipita barabarani ukanywa maji ya jokofu la sadaka, unauliza ni la nani?"

"La kwetu lina kibao cha jina la marehemu. Tukinywa tunamwombea. Wewe ukinywa unang'oa kibao?"

Watu wakaguna. Mmoja akacheka waziwazi. Uso wa Wagdi ukabadilika, akageuka kwa upole kama daktari. "Jamani, huyu mama ni wa Berma, wanatotolesha kwa kope za macho huko. Namheshimu. Anasema ameandika programu ya kompyuta. Hajati, hebu tuambie, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Inshirah hakujua kudanganya mbele za watu. "Sikusoma," akasema.

"Basi," akasema Wagdi, akarudi kwa mteja.

Alirudi Berma kwa mikrobasi, mikono mapajani. Aliandika kwa wale wanaosimamia ukumbi wa mtandaoni zinapowekwa maktaba, wakamtaka ushahidi. Wagdi naye aliwaandikia, kwa Kiingereza kizuri, kwamba yake aliiandika zamani kabla ya kuipandisha, na maktaba ya mama huyo ndiyo nakala. Inshirah hakuwa na Kiingereza. Alikuwa na madaftari yenye michoro ya mayai.

Miezi sita ilipita, kisha habari zikaanza kuja. Wanawake walionunua mashine za Wagdi walikuwa wanalalamika. Vifaranga wanatoka siku ya ishirini na mbili, wengine ya ishirini na tatu. Wanatoka wamelegea, vitovu havijafunga, wanakufa mikononi. Mama Zanati, mjane wa kijiji cha jirani aliyewauzia Inshirah na baba yake mayai miaka yote, alikuja na kikapu chenye vifaranga wanne waliokufa.

"Mashine ya mhandisi wako hii," akasema. "Imenichinja."

"Si mhandisi wangu," akasema Inshirah, na moyoni akafurahi. Hakuna haja ya kuficha. Alifurahi sana. Alipika chai, akaweka sukari nyingi, akamsikiliza Mama Zanati akimlaani Wagdi kuanzia unyayo hadi utosini, na kila laana aliiitikia amina.

Wiki ile ile Bumediene aliandika kutoka Wajda. "Dada, kipima joto changu cha zamani kimekufa, nimeweka kipya kizuri. Kware sasa wanachelewa siku nzima. Nimesoma maktaba yako ndani. Pale unaposoma joto, kwa nini unaongeza nukta saba? Hiyo nukta saba ni ya nini?"

Inshirah aliusoma ujumbe huo mara tatu, kisha akaketi chini.

Nukta saba ilikuwa yake. Kipima joto chake cha kwanza, cha bei ya chini, kilikuwa kinasema joto ni dogo kuliko lilivyo. Kope lilimwambia yai liko sawa, chombo kinasema bado sehemu saba kati ya kumi za nyuzi moja. Kwa binti wa Abdeltawwab hapakuwa na la kufikiri: kope ndilo la kweli, chombo ndicho kinachodanganya. Akaandika chombo kiongezewe nukta saba. Na kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kuamini bati wala kioo, alidhani vipima joto vyote vinadanganya sawasawa. Akaiacha hapo, katikati ya maktaba, kwa watu wote. Aliyekuwa na chombo kibovu kama chake alifanikiwa. Aliyeweka kizuri, maktaba ilimwambia joto limetosha wakati bado, na mayai yakakaa kwenye baridi siku ishirini na moja. Wagdi aliweka vyombo vizuri, vya ghali.

Akafungua maktaba ya Wagdi. Nukta saba ilikuwepo pale pale. Mtu huyo alikuwa amesoma yote, akaibeba bila kuuliza ni ya nini.

Alikwenda kwa Ami Girgis, akamweleza. Mzee yule alivua miwani zote mbili.

"Inshirah binti yangu, hiyo ni zawadi. Nyamaza mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu! Kelele zitamzidi, wateja watamkamata shingo, atasema mwenyewe kwamba kazi si yake. Atakutaja kwa mdomo wake."

"Atanitaja kwa lawama."

"Si atakutaja? Wewe unataka nini, jina au sifa?"

Inshirah aliinuka kuondoka. Alilitaka jina lile kama mwenye kiu anavyotaka maji, na sasa alionyeshwa kwamba ni kukaa kimya tu, kazi ambayo wanawake wa kwao huifanya bila mshahara.

Kurudi, alishuka kwa Mama Zanati. Mashine nyeupe ilikuwa chumbani, inanguruma taratibu, ina mayai ya siku ya tisa. Mjane huyo alikuwa ameijaza tena, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuyaweka. Kioo chake kidogo kilisema joto ni sawasawa. Inshirah alitoa yai moja, akalilaza juu ya kope.

Hakusikia kitu.

Alitoa la pili, la tatu. Mama Zanati anamtazama mdomo wazi. "Vipi? Yako hai?"

"Yako hai. Yana baridi." Akayarudisha mashineni. "Mama Zanati, zile laana ulizomlaani Wagdi juzi."

"Enhe?"

"Nusu yake nirudishie mimi."

Akamweleza. Mjane hakuelewa habari ya maktaba, akaelewa kwamba kosa limetoka Berma. "Na ulinipa chai," akasema. "Umeitikia amina, mwanamke wewe!" Kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekwisha kuzika vifaranga sitini na hana tena la kufanya, na Inshirah akaona afadhali angepigwa.

Siku ile ile, kabla ya magharibi, aliirekebisha maktaba. Akaiondoa nukta saba katikati, akaweka mahali ambapo kila mtu anajaza tofauti ya chombo chake mwenyewe, na maelezo ya kupima. Juu, chini ya jina lake, akaongeza mstari wa pili: "Maktaba hii ilikuwa na kosa la nukta saba, na vifaranga wamekufa kwa sababu yake. Kosa ni langu mimi, Inshirah. Nilidhani vipima joto vyote vinadanganya kama changu." Aliuandika polepole. Kuandika jina lake chini ya kosa kulikuwa kugumu kuliko kuliandika juu ya kazi, na hakupumzika mpaka alipomaliza. Kisha akampelekea Wagdi ujumbe wa simu, bila salamu: kuna kosa, rekebisha hivi, leo, kuna mayai ya watu ndani.

Wa kwanza kujibu alikuwa Bumediene, mbele ya watu wote wa ukumbi ule. "Nimesoma maktaba zote mbili," aliandika. "Moja mwenyewe anajua nukta saba ilitoka wapi, siku gani, kwenye chombo gani. Nyingine imeibeba tu. Mimi sina swali tena." Mwalimu wa Omdurman akaandika chini yake, "Wala mimi." Wakafuata wengine, watu ambao Inshirah hakujua kama wapo: mfuga kuku wa Basra, mama wa Sfax anayetengeneza kikaushio cha tende kwa maktaba hiyo hiyo. Wasimamizi wa ukumbi waliweka onyo kwenye ukurasa wa Wagdi. Ami Girgis alichapisha maneno ya Bumediene kwenye karatasi, akayabandika dukani juu ya trei ya vipuri. Inshirah alipoyaona akamwambia ayaondoe, akaondoka, akarudi kuyasoma tena.

Mama Zanati alipelekewa vifaranga sitini kutoka nyumba ya Abdeltawwab, wa siku moja, wamefunga vitovu. Aliwahesabu mlangoni. Wakatoka sitini na watatu, na hakuwarudisha watatu. Huko hakuna deni tena.

Wagdi alirekebisha mashine zake siku ya pili. Wateja wake aliwaambia kwamba wataalamu wake wamegundua dosari ndogo na kuiboresha. Alilichukua sahihisho neno kwa neno, na mstari wa pili akaufuta kama alivyoufuta wa kwanza, kwa hiyo kwake hakuna jina la Inshirah wala kosa. Maonyesho ya mwaka huu picha yake ipo, imewekwa taa.

Anachodaiwa Wagdi Shalabi na Inshirah binti Abdeltawwab ni mistari miwili, wa kazi na wa kosa, yote miwili, irudi ilipokuwa. Na pale Tanta, mbele ya mashine zake, wateja wakiwepo, alimwuliza mwanamke huyo amesoma mpaka darasa la ngapi. Hilo nalo bado hajalijibu mwenyewe: ni darasa la ngapi alikofundishwa kubeba nukta saba bila kuuliza ni ya nini.